Kiti Kilichokaa Wazi Miezi 14, na Safari Zilizokwama

Januari 31, 2020, Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini tamko lililoongeza nchi 6 katika orodha ya mataifa ambayo raia wake waliwekewa zuio la kuingia au kuhamia nchini humo. Tanzania ilikuwa mojawapo. Zuio lililotuangukia sisi halikuwagusa watalii, wafanyabiashara wala wanafunzi. Liliwagusa wale waliochaguliwa katika bahati nasibu ya viza za ukaazi, ile ambayo kila mwaka vijana wetu hujaziwa fomu zake katika steshenari na vibanda vya intaneti, kisha wakakaa miezi kadhaa wakisubiri majibu. Tamko lilianza kutumika Februari 21. Waliokuwa wamechaguliwa kwa mwaka huo na hawajapigiwa muhuri wa viza walikuta mlango umefungwa, na bahati ya namna hiyo haina kiporo: mwaka wa viza hizo humalizika Septemba 30, na jina lisilopata viza kufikia siku hiyo huwa limekwisha.

Katika barza zetu jambo hilo lilizungumzwa kama uamuzi wa mtu mmoja mwenye hasira. Hayo ni nusu ya maelezo. Rais yeyote anaweza kutia saini karatasi. Kinachoifanya karatasi hiyo iwe sheria inayomzuia mama kumfikia mwanawe ni mahakama kukubali kwamba anayo mamlaka ya kuitia saini. Mamlaka hayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliyathibitisha Juni 26, 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4. Moja ya kura hizo 5 ilitoka katika kiti ambacho, miaka miwili kabla, kilikuwa kimeachwa wazi kwa makusudi kwa takribani miezi 14. Habari ya kiti hicho ndiyo tunayotaka kuieleza katika kurasa hizi za familia, maana ilianzia mbali na ikaishia katika nyumba za watu.

Jaji Antonin Scalia alikutwa amefariki dunia Februari 13, 2016, huko Texas, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa amekaa katika mahakama hiyo tangu mwaka 1986. Kwa sisi tuliozoea kuona jaji wa Mahakama ya Rufani akistaafu afikapo miaka 65, miaka 30 katika kiti kimoja ni jambo la kushangaza, lakini Katiba ya Marekani haikumwekea jaji umri wa kustaafu. Hukaa maadamu mwenendo wake ni mwema, yaani aghalabu mpaka afe au achoke mwenyewe. Kwa hiyo nafasi haziji kwa ratiba. Rais mmoja anaweza kupata nafasi 3 katika miaka 4, na mwingine, kama Jimmy Carter, akamaliza muhula wake bila kupata hata moja.

Katiba hiyo pia haikusema majaji wawe wangapi. Mwaka 1789 walikuwa 6, na idadi ya 9 tunayoijua leo iliwekwa na sheria ya mwaka 1869. Kabla ya hapo, mwaka 1866, Bunge lililokuwa likigombana na Rais Andrew Johnson lilipitisha sheria ya kupunguza viti kila jaji alipoondoka, na kwa njia hiyo likamnyima Rais huyo fursa ya kuteua hata jaji mmoja. Tunalitaja hilo ili msomaji asidhani kwamba mchezo wa viti ulibuniwa jana.

Jaji anapoondoka, Rais huteua na Baraza la Seneti huthibitisha. Machi 16, 2016, Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland, jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya Washington, mtu wa miaka 63 ambaye hata baadhi ya maseneta wa upande wa pili walikuwa wamewahi kumsifu. Lakini saa chache tu baada ya habari za kifo cha Scalia kutangazwa, kiongozi wa maseneta walio wengi, Mitch McConnell wa chama cha Republican, alikuwa amekwisha kutoa msimamo kwamba nafasi hiyo isijazwe mpaka wananchi wamchague Rais mpya mwezi Novemba. Chama chake kilikuwa na maseneta 54 kati ya 100. Garland hakukataliwa, kwa sababu kumkataa kungehitaji kumhoji na kumpigia kura. Hakuitwa kabisa. Jina lake lilikaa mezani siku 293, na Januari 3, 2017, Bunge la zamani lilipomaliza muda wake, uteuzi ukafa pamoja nalo.

Hapa ndipo palipo na somo la kisheria ambalo vyombo vingi vya habari vya kwetu vililipita haraka. Katiba inasema Rais atateua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Haisemi Seneti itoe ridhaa hiyo ndani ya siku ngapi, wala haisemi nini kifanyike ikikaa kimya. Pale Katiba ilipokaa kimya, desturi ndiyo iliyokuwa ikishika nafasi yake, na desturi huvunjwa na mwenye kura nyingi bila ya kuvunja sheria yoyote. Sisi tunaoandika mihutasari ya kamati za misikiti tunaujua mlango huo. Katiba ya msikiti isiposema nafasi ya mhazini ijazwe ndani ya muda gani, asiyetaka ijazwe hana haja ya kumpinga mtu yeyote. Humtosha kuahirisha kikao.

Basi mahakama ikabaki na majaji 8. Idadi hiyo hugawanyika sawasawa, na ilipogawanyika 4 kwa 4, kanuni ilikuwa hii: hukumu ya mahakama ya chini hubaki kama ilivyo, Mahakama ya Juu haitoi sababu, na uamuzi huo hauwi kielelezo cha kufuatwa nchini kote. Machi 29, 2016, ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya walimu wa California waliopinga kukatwa ada ya chama cha wafanyakazi ambacho hawakujiunga nacho. Kesi ilimalizika kwa sentensi moja, na ada zikaendelea kukatwa.

Juni 23 mwaka huo huo ikaja kesi nzito zaidi. Rais Obama alikuwa ametangaza mpango wa kuwapa hifadhi ya muda wazazi wasio na vibali vya ukaazi ambao watoto wao ni raia au wakaazi halali wa Marekani. Wazazi wenye sifa walikadiriwa kuzidi milioni 4. Jimbo la Texas, likiungana na majimbo mengine 25, lilikwenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ya kusini ikausimamisha mpango huo. Mahakama ya Juu ikagawanyika 4 kwa 4, ikatoa tena sentensi moja, na mpango haukuanza. Fikiria hali ya baba aliyeishi miaka 15 katika nchi, anasubiri kujua kama ataendelea kulala nyumba moja na wanawe, kisha anapewa jibu lisilo na hata aya moja ya maelezo. Hapana aliyemwambia kwamba sheria haiko upande wake. Aliambiwa tu kwamba majaji wamelingana.

Wakati huo kiti kitupu kilikuwa kimegeuzwa kuwa hoja ya uchaguzi. Trump, ambaye Desemba 7, 2015 alikuwa ametaka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani, hakuwa na historia ya kuaminiwa na wahafidhina wa dini katika chama chake. Alichofanya, na hakuna mgombea aliyewahi kukifanya kwa namna hiyo kabla yake, ni kutoa orodha ya majina ya watu ambao angechagua jaji kutoka miongoni mwao. Alitoa majina 11 mwezi Mei na kuongeza mengine Septemba, na Neil Gorsuch alikuwa katika yale ya Septemba. Wapiga kura walioulizwa walipotoka vituoni Novemba 8, takribani mmoja kati ya 5 alisema uteuzi wa majaji ndio uliokuwa jambo kubwa kuliko yote katika uamuzi wake, na walio wengi katika hao walimpigia Trump. Kwa hiyo wale waliokiacha kiti wazi hawakuwa wakisubiri matokeo ya uchaguzi huku wamekunja mikono. Kiti chenyewe kilikuwa kikiwafanyia kampeni.

Gorsuch aliteuliwa Januari 31, 2017, akiwa na umri wa miaka 49. Siku 4 kabla, Rais alikuwa ametia saini amri ya kwanza ya kuzuia raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Wanachama wa Democratic katika Seneti, wakiwa bado na uchungu wa Garland, walitumia desturi ya kurefusha mjadala ili kura isipigwe, desturi ambayo ilihitaji maseneta 60 kuikatisha. Aprili 6 walio wengi wakaifuta kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Ni haki kusema kwamba Democratic wenyewe walikuwa wameifuta kwa majaji wa mahakama za chini mwaka 2013, na walionywa wakati huo kwamba watajuta. Tangu hapo jaji wa mahakama kuu kuliko zote anathibitishwa kwa wingi mdogo wa kura, na Rais hana tena sababu ya kutafuta mtu anayekubalika pande zote mbili. Gorsuch alithibitishwa kwa kura 54 dhidi ya 45, akaapa Aprili 10.

Amri ya zuio ilipingwa mahakamani, ikaandikwa upya, ikapingwa tena, ikaandikwa mara ya tatu Septemba 2017. Katika toleo hilo waliongezwa Korea Kaskazini na baadhi ya maofisa wa Venezuela, lakini Somalia, Yemen, Syria, Libya na Iran zilibaki. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni jimbo la Hawaii, jumuiya ya Waislamu wa Hawaii yenye msikiti wake Honolulu, na imamu wa jumuiya hiyo, ambaye familia ya mkewe ilikuwa Syria. Mahakama ya rufaa ya magharibi ilikubaliana nao. Ilisema zuio lisitumike kwa mtu mwenye uhusiano wa kweli na mtu au taasisi iliyoko Marekani: mama, mume, mtoto, shangazi, chuo kilichomsajili.

Sasa tuombe subira ya msomaji atazame hesabu. Juni 26, 2018, majaji 5 walisema Rais anayo mamlaka hayo chini ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952, na kwamba mahakama haitachimbua maneno aliyoyasema kampeni. Walikuwa Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, pamoja na Kennedy, Thomas, Alito na Gorsuch. Wanne walipinga: Ginsburg, Breyer, Sotomayor na Kagan. Ondoa kura ya kiti kile. Zinabaki 4 kwa 4, na kwa kanuni tuliyoieleza, hukumu ya mahakama ya chini, ile iliyowalinda mama na mume na mtoto, ndiyo ingebaki. Hata kiti kingeendelea kuwa kitupu, familia zile zingepona. Mwaka 2016 kilipokuwa kitupu kiliwanyima wazazi hifadhi. Mwaka 2018 kilipojazwa kiliwanyima wengine safari.

Siku iliyofuata, Juni 27, swali lile la ada za vyama vya wafanyakazi lilirudi kwa kesi nyingine. Safari hii matokeo yalikuwa 5 kwa 4, na hukumu iliyodumu tangu mwaka 1977 ikafutwa. Si neno moja la Katiba lililobadilika kati ya Machi 2016 na Juni 2018.

Madhara ya hukumu ya zuio yalionekana katika balozi. Kwenye karatasi palikuwa na mlango wa msamaha kwa wenye dharura, lakini ulikuwa mwembamba mno. Desemba 2018 mama mmoja wa Yemen, mke wa raia wa Marekani, aliruhusiwa kuingia kumwona mtoto wake mdogo aliyekuwa akipumua kwa mashine hospitalini California, na ruhusa hiyo ilikuja baada ya kilio cha umma. Mtoto alifariki siku chache baada ya mama kufika. Kwa ndugu zetu Wasomali wenye jamaa Minneapolis na Columbus, na wengi wao wana jamaa pia Nairobi na Mombasa, miaka ile ilikuwa ya harusi za kwenye simu na mazishi ya kuhadithiwa.

Hata hivyo hatutaki msomaji aondoke akidhani kwamba jaji ni kete ya bao, kwamba ukijua nani kaiweka basi umejua itakakokwenda. Scalia huyo huyo, aliyekuwa nguzo ya wahafidhina, ndiye aliyeandika hukumu ya Juni 1, 2015 iliyomuunga mkono msichana wa Kiislamu wa Tulsa, Oklahoma, aliyenyimwa kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch kwa sababu ya hijabu yake. Kura zilikuwa 8 kwa 1. Miezi michache kabla, majaji wote 9 walikuwa wamesema gereza la Arkansas halina haki ya kumzuia mfungwa Mwislamu kufuga ndevu za nusu inchi. Desemba 2020 majaji 8 kwa kauli moja waliwaruhusu Waislamu waliosema kwamba shirika la upelelezi la FBI liliwaweka katika orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege kwa kuwa walikataa kuwapeleleza wenzao, wadai fidia kwa maofisa waliohusika. Walikuwa 8 kwa sababu kesi ilisikilizwa wakati kiti kingine kikiwa wazi, na upungufu huo haukuleta tofauti yoyote. Naye Gorsuch, Julai 2020, aliungana na majaji waliozoea kumpinga, akaandika hukumu ya 5 kwa 4 kwamba ardhi kubwa ya mashariki mwa Oklahoma ilibaki kuwa hifadhi ya wenyeji wa kabila la Muscogee. Waliomweka kitini hawakufurahi.

Kwa maoni yetu, kesi hizo zinaonyesha mpaka wa jambo lenyewe. Pale sheria ilipo wazi, kiti kimoja si kitu. Pale sheria inapoacha nafasi, hasa inapohusu mamlaka ya Rais juu ya wageni, kiti kimoja huwa ndicho sheria. Na wanasiasa wanajua ni kesi zipi ziko katika nafasi hiyo.

Majaji wenyewe pia wamejua. Jaji Anthony Kennedy, aliyekuwa akishika mizani katikati, alitangaza kustaafu Juni 27, 2018, siku moja baada ya hukumu ya zuio, na nafasi yake akapewa Brett Kavanaugh kwa kura 50 dhidi ya 48. Jaji Ruth Bader Ginsburg hakuondoka wakati wa Obama, ingawa wapo waliomsihi. Alifariki Septemba 18, 2020, akiwa na miaka 87, uchaguzi ukiwa umebakiza wiki 6 na watu wakiwa wameanza kupiga kura mapema. Wale wale waliosema mwaka 2016 kwamba miezi 8 kabla ya uchaguzi ni karibu mno, walimthibitisha Amy Coney Barrett Oktoba 26, siku 38 tu baada ya kifo hicho na siku 8 kabla ya siku ya kura. Maelezo yao yalikuwa kwamba safari hii Rais na Seneti ni wa chama kimoja. Jaji Stephen Breyer aliona yaliyompata mwenzake, akastaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 83, huku chama kilichomteua kikiwa bado na Rais na Seneti. Mtu anayechagua mwezi wa kuondoka kwa kutazama nani ana kura ngapi bungeni, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, amekwisha kuingizwa katika siasa asizozitaka.

Nafasi hizo 3 za muhula mmoja ndizo zilizojenga wingi wa 6 kwa 3, na wingi huo ndio uliofuta Juni 24, 2022 haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu mwaka 1973. Hilo lina mjadala wake, na katika nyumba zetu wapo watakaolipokea kwa hisia tofauti na la zuio la kusafiri. Tunalitaja kwa sababu limetoka katika mlango ule ule.

Garland, kwa anayejiuliza, aliteuliwa mwaka 2021 kuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Rais Joe Biden. Januari 20, 2021, siku ya kwanza ya kazi, Biden alifuta zuio lote kwa saini moja, Tanzania ikiwemo. Waliochaguliwa katika bahati nasibu ya mwaka 2020 na mwaka wao wa viza ukamalizika hawakurudishiwa nafasi zao kwa saini hiyo.

Saini, tofauti na hukumu, hufutwa na saini. Juni 4, 2025, Trump akiwa amerudi madarakani alitoa tamko jipya. Somalia, Sudan, Yemen, Libya na Iran zimo katika zuio kamili, na jirani zetu wa Burundi wamo katika zuio la sehemu. Ndani ya tamko hilo, kabla ya orodha ya nchi, imeelezwa kwamba hatua za aina hii za muhula wake wa kwanza zilithibitishwa na Mahakama ya Juu.